Bei Mmetupunguzia, Sasa Tuonesheni: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Hifadhi na Vivutio vya Asili Zanzibar

Assalaam alaykum, waheshimiwa.

Nawaandikia nyinyi mnaosimamia misitu ya hifadhi, hifadhi za bahari, visiwa vya kutembelewa na shughuli za utalii hapa kwetu, Unguja na Pemba. Mimi ni mshoni. Nyumba yangu ipo Magomeni, cherehani yangu ipo barazani, na nina watoto wanne. Likizo ya skuli ikifika huja na watoto watatu wa dada yangu kutoka Wete, basi nyumba inakuwa na watoto saba wanaoniuliza asubuhi na jioni: "Leo tunakwenda wapi?"

Idd hainipi tabu. Siku nne za sikukuu kila mtoto wa mjini anajua aendako: nguo mpya, pesa ya sikukuu mkononi, bembea, urojo, na kurudi nyumbani usiku amechoka hoi. Likizo ndefu ya Disemba ndiyo kazi. Wiki zinapita watoto wameinamia simu, na huku nje ya mji, mwendo usiofika saa moja kwa gari, pana msitu wenye kima punju, mnyama ambaye Mwenyezi Mungu hakumuweka pahala pengine popote nje ya Zanzibar. Mgeni hupanda ndege usiku kucha kuja kumtazama. Mtoto wa Magomeni anamjua kwa picha iliyochorwa ubavuni mwa gari za watalii.

Kwa hiyo Disemba iliyopita nikaamua tutoke, tena si kwenda kuogelea Fumba tu kama kila mwaka. Nilianza kupika tangu usiku. Nilikaanga katlesi na vipande vya jodari, nikasukuma chapati arubaini, nikatengeneza maji ya ukwaju dumu la lita tano. Mume wangu alizungumza na jirani yetu mwenye daladala, akatupa bei ya kijirani. Tukawa watu kumi: sisi wawili, mama yangu, na watoto saba, mdogo wao ana miaka mitano.

Sitasema tulikwenda hifadhi gani. Nikiitaja, wale vijana waliokuwepo siku ile watabeba lawama peke yao, na mimi sitaki hivyo, kwa sababu baadaye niliwauliza wenzangu wa mtaani na wateja wangu wanaokuja kupima nguo, na wengi wao wana kisa kinachofanana na changu kutoka pahala pengine.

Getini tulilipa bei ya mwenyeji. Ni ndogo, ni sehemu tu ya ile anayolipa mgeni, na kwa hilo nashukuru kwa dhati. Bila ya hiyo watu kumi tusingeingia. Aliyetukatia tiketi akatunyooshea mkono: "Njia ni hiyo, mtazunguka mtatokea hapa hapa." Tukapita, tukazunguka, tukaona miti. Robo saa nzima ya mwanzo tuliona miti, majani makavu chini, na vibao vya Kiingereza ambavyo mwanangu wa darasa la sita alijitahidi kuvisoma mpaka akakwama kwenye majina ya Kilatini.

Nyuma yetu ikaingia familia ya wageni, baba na mama na binti wa miaka kama sita. Walikuwa na mtembezaji. Kijana yule alisimama pale pale tulipopita sisi, akachutama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya yule binti, akanyoosha kijiti taratibu mpaka karibu na tawi. Kinyonga. Alikuwa kijani ndani ya kijani, mkia umeviringana kama utepe wa kupimia ukiukunja, jicho moja linatazama mbele na jengine linatutazama sisi. Tulikuwa tumempita, watu kumi, kwa umbali usiofika dhiraa moja.

Mwanangu wa miaka minane akanivuta kanga. "Mama, kumbe alikuwepo?"

Kuanzia hapo watoto wakawa wanamfuata yule mtembezaji kwa nyuma, kimya kimya, wanatazama kidole chake kinakoelekea. Lugha hawaifahamu vizuri, lakini kidole wanakifahamu. Baada ya muda kijana akageuka, akaniambia kwa adabu kabisa: "Samahani mama, naomba muwape nafasi kidogo wageni." Alikuwa na haki yake. Wale walikuwa wamelipia kutembezwa, sisi tulilipia kuingia. Nikawaita watoto nyuma, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kuendelea na safari. Walitaka kula.

Nasema kwa kweli, kilichoiokoa siku ile ni mama yangu. Amezaliwa kusini, utoto wake umepita kwenye maweni ya huko. Tulipokaa na sinia zetu akakata ukuti mmoja wa mkindu uliokuwa pembeni mwa njia, akauchana kwa ukucha, akawaonesha watoto jinsi ukindu unavyopatikana kabla haujawa mkeka wanaoulalia. Akamsukia mjukuu wake mdogo pete. Kisha akawasimulia habari za komba, anavyolia usiku kama mtoto mchanga, anavyopanda mnazi wa mgema kwenda kunywa tembo kwenye kibuyu, na asubuhi watu wakamkuta kalala chini hajijui, na ndiyo maana mpaka leo mlevi huambiwa kalewa kama komba. Watoto waliacha chapati mikononi. Wale wale waliokuwa wanataka kurudi nyumbani nusu saa nyuma sasa walikuwa wanauliza komba anakaa mti gani.

Waheshimiwa, hilo ndilo nililokuja nalo kwenu. Tatizo letu la kwanza lilikuwa bei, na bei mmeshatupunguzia. Lililobaki ni kwamba tukishaingia hapana mtu wa kutuambia "tazama hapa". Tiketi ya mwenyeji inamfungulia mtu geti, haimuoneshi kitu. Na msituni, mtu asiyeoneshwa haoni.

Niwape mfano wa pili, huu mzuri. Mwishoni mwa likizo ile ile alikuja kwangu kijana mmoja kupimwa kanzu ya harusi ya kaka yake. Katika mazungumzo akanambia anatembeza wageni katika msitu wa Jozani. Watoto wakasikia. Nikiwa nampima mabega, mwanangu wa miaka minane akamuuliza yule kima punju ana nini hasa mpaka watu watoke Ulaya.

Kijana akamwambia: nyoosha mkono wako. Haya, likunje dole gumba ulibane ndani ya kiganja. Sasa chukua kifungo kile pale mezani. Mtoto akajaribu, kifungo kikamponyoka. Akajaribu tena. "Ndivyo alivyo kima punju," akamwambia. "Dole gumba lake ni kama halipo. Ana vidole vinne virefu, anavitumia kama ndoana kuning'inia na kurukia tawi kwa tawi." Basi usiku ule nyumbani kwangu kulikuwa na watoto saba wamebana madole gumba, wanagombania kushika vifungo, sindano, vijiko, na mmoja alijaribu kula wali hivyo hivyo. Mpaka leo mdogo wao akiniletea kifungo kilichoanguka hukileta kwa vidole vinne.

Aliendelea kuwaeleza nami naendelea kupima. Kwamba mnyama huyu ana mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, na yupo Zanzibar tu. Kwamba walipohesabiwa kisiwa kizima katika miaka ya 2010 walipatikana zaidi ya 5,800, na kwamba hawakai Jozani peke yake, wengine wapo kwenye mashamba na vichaka vya watu. Kwamba tumbo lake haliendani na tunda lililoiva, yeye ni wa majani machanga, maua na matunda mabichi. Kwamba wale wanaokaa karibu na vijiji hula majani ya mkungu na mwembe ambayo yana vitu vya kudhuru tumbo, basi hutafuta mkaa wakautafuna, na mkaa ule hupunguza ile sumu. Mtoto wangu mkubwa akacheka: kumbe kima anajua dawa.

Mama yangu alikuwa pembeni anachagua mchele. Akasema kwao hawakuwapenda kima, walikuwa wakiwafukuza kwa mawe, kwa sababu wanashusha vidaka vya minazi. Na jina lenyewe, punju, ni sumu. Wazee walisema mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Kijana hakumkatalia. Akamwambia: "Bibi, vidaka wanakula kweli." Kisha akamueleza kwamba miaka ya 1990 watafiti walihesabu vidaka na nazi kwenye mashamba yaliyopakana na Jozani, na minazi iliyoliwa na kima haikuonekana kuzaa kidogo, bali ilizaa vizuri zaidi. Mnazi hata usipoguswa huangusha vidaka vingi wenyewe, na walidhani huenda kupunguzwa kule kunazipa nafasi nazi zinazobaki. Mama yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuliwaonea." Ana miaka sabini na mbili. Imani ya maisha yake yote juu ya mnyama huyu ilibadilika mchele ukiwa haujamalizika kuchaguliwa.

Na jirani yetu, yule mwenye daladala, alikuwa amekaa barazani anasubiri suruali yake. Yeye huenda Makunduchi mara kwa mara, na kama madereva wote huyalaani matuta ya pale Jozani. Hakujua kwamba yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na gari kila baada ya wiki chache, kwa kuwa barabara imeupasua msitu. Siku hizi abiria wakilalamika kwamba anakwenda pole, yeye ndiye anayewaeleza.

Yote hayo yalichukua muda wa kumpima mtu kanzu.

Kwa hiyo mkiniuliza naomba nini, naomba dakika zile. Naomba kila familia ya mwenyeji inayoingia hifadhi yoyote ya Zanzibar ipate mtu wa kuitembeza kwa Kiswahili, hata kwa nusu saa, hata kama itasubiri familia nyengine mbili waunganishwe pamoja. Sisi hatukatai kukusanywa. Tumezoea kusubiri gari ijae.

Najua kwa nini halifanyiki. Mtembezaji anaishi kwa bakhshishi. Familia ya watu kumi kwa bei ya mwenyeji, na masinia yao, haimuachii kitu. Wageni wawili wanaweza kumuachia pesa ya kulisha nyumba wiki nzima. Hata ningekuwa mimi ningekaa getini nisubiri wageni. Simlaumu, na sitaki mtu yeyote aitwe ofisini akemewe kwa ajili ya barua hii. Mfumo ndio uliompangia hivyo, na mfumo mnao nyinyi.

Pesa ya kumlipa kijana huyo ipo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Jozani kwenyewe tayari pana utaratibu wa miaka mingi wa kugawa sehemu ya mapato kwa vijiji vinavyoizunguka, na ni utaratibu mwema, kwa sababu walioishi na msitu ndio walioutunza. Fungu dogo kutoka kwenye kiingilio cha mgeni, la kumlipa mtembezaji wa zamu kwa ajili ya wenyeji, siku za Jumamosi na Jumaapili, siku za Idd na likizo za skuli, halitamuumiza mtu. Mwekeni kwa zamu, alipwe siku yake kamili, ajue kwamba siku hiyo wageni wake ni sisi.

Na wapo wengine wa kuwaajiri kwa siku hizo ambao hawakusoma utalii chuoni. Kila shehia iliyopakana na hifadhi ina wazee kama mama yangu, wanaojua mti gani ni dawa ya homa, mti gani haukatwi na kwa nini, mkoko upi ulijengewa boriti za nyumba na upi ulichomwa mkaa. Mtembezaji kijana anajua jina la Kilatini la mnyama na idadi yake. Mzee anajua alivyokuwa akiitwa, na hadithi ya chui wa Unguja ambaye vijana wetu leo wanamjua kwa kusikia tu. Waunganisheni. Mtoto akitembea baina ya watu wawili hao atarudi nyumbani na kitu.

Msidhani haya hayajawahi kufanyika kwetu. Kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu 1994, kimepokea wanafunzi wa skuli zetu miaka na miaka, watoto wa pwani ambao hawajawahi kuvaa miwani ya kuzamia wakainamishwa majini wakaona matumbawe yakiwa hai. Mteja wangu mmoja alikwenda akiwa skuli. Sasa ni mama wa watoto wawili, na bado anakumbuka rangi za samaki aliowaona. Na aliyewaonesha alizungumza nao Kiswahili.

Watoto wa dada yangu wameniletea mfano wa Pemba, na wao wanauzungumza kwa majivuno makubwa. Popo wa Pemba ni mkubwa, mabawa yake yakitandazwa yanafika kama mita moja na nusu, na hapatikani popote ila Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kumalizika. Misitu ilikatwa, na popo wenyewe waliwindwa kwa kitoweo. Kisha watu wa vijiji wakaanza kukaa pamoja, wakaelezwa, wakaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala, na pale Kidike wakaanza kupokea watu wa kuja kuwatazama. Hesabu za miaka ya 2000 ziliwakuta wamefika zaidi ya 20,000. Mpwa wangu wa miaka kumi na moja anakueleza bila kusita kwamba popo ndiye anayesafirisha mbegu za miti ya msituni, anakula tunda hapa anaitua kokwa kule. Hakusoma kwenye kitabu. Alipelekwa Kidike na babu yake, akaoneshwa. Yeye huyo huyo alizunguka hifadhi ya Unguja siku ile ya Disemba akatoka bila hata jina moja la mti.

Nirudi kwenye vibao. Naomba viandikwe Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, kisha lugha nyengine zifuate. Watoto wetu wanasoma na wanapenda kusoma. Kibao kinachosema "huu ni mchu, pumzi yake ipo kwenye vijiti vilivyochomoza kwenye tope" kitawafanya wachutame watazame tope. Kibao chenye jina la Kilatini na maelezo ya Kiingereza kinawaambia kwamba mazungumzo haya si yao. Pale njia ya mbao inapopita ndani ya mikoko ya Pete, mtoto anaweza kuona mbegu ya mkoko ikiwa imeota ikingali juu ya mti, inaning'inia kama fimbo nyembamba, ikisubiri idondoke ijichome kwenye tope. Ni ajabu ya Mwenyezi Mungu ipo wazi mbele ya macho. Lakini mwenye kujua ndiye anayesimama, wengine wanapita wakihofia kuteleza.

Vyoo, pahala pa kusali, na kivuli cha kukaa familia yenye masinia nitavitaja tu, kwa sababu kila mtu anajua umuhimu wake. Sisi hatuendi kula mkahawani watu kumi. Tunakuja na chakula chetu, tupeni pahala na pipa la taka, na mtukemee sana tukiacha mfuko wa plastiki.

Lipo jambo jengine linanisumbua. Kuoneshwa vibaya kunadhuru kuliko kutooneshwa. Tulipata kwenda pahala, sipataji napo, mwanangu akapewa kasa mdogo amnyanyue ili apigwe picha. Mtoto alifurahi. Kasa alikuwa anapiga mabawa hewani. Picha ninayo, na kila nikiitazama nasikitika, maana mtoto alijifunza siku ile kwamba kasa ni kitu cha kunyanyuliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba jike la kasa huchukua miaka 20 na zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, na kwamba akiwa tayari hurejea kwenye fukwe za upande aliozaliwa, na kwamba katika watoto wake wanaokimbilia maji usiku ni wachache mno wanaofika ukubwa. Angeambiwa hayo, naapa mwenyewe angekataa kumnyanyua. Vivyo hivyo pomboo wa Kizimkazi. Nimeona boti zinavyowazunguka na kuwakata njia ili watu waruke juu yao. Familia yangu ikienda, nataka nahodha azime mashine mbali, watoto wakae watazame, na pomboo akitaka kuja aje mwenyewe. Nawaomba muwe wakali katika hili kwa boti zote, za wageni na za wenyeji. Na kima nao wasikaribiwe wala wasipewe ndizi. Mafua yetu huwaambukiza, na mtoto akielezwa hivyo anarudi nyuma mwenyewe bila kuvutwa.

Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Mgeni anakuja siku saba, anapiga picha, anarudi kwao, na namuombea salama. Atakayeulizwa kesho kama msitu wa Kiwengwa ukatwe au ubaki, kama paa nunga awindwe au aachwe, kama mikoko ya Chwaka ichomwe mkaa au isichomwe, ni yule mtoto wa miaka minane aliyempita kinyonga bila kumuona. Atakuwa sheha, atakuwa mwenye shamba, atakuwa dereva, pengine atakaa kwenye kiti hicho mnachokalia nyinyi. Nataka akae pale akiwa anaijua mikono ya kima ilivyo.

Mkiona ni jambo kubwa kulianza kila pahala, anzeni pahala pachache. Chagueni hifadhi moja Unguja na moja Pemba, Ngezi kwa mfano, ambako nimeambiwa na watoto wa Wete kwamba upo mti unaoitwa mpapindi ambao haupo nchi yoyote nyengine. Wekeni mtembezaji wa wenyeji likizo moja tu ya Disemba. Tangazeni redioni, tangazeni misikitini baada ya sala ya Ijumaa, wapeni walimu wa skuli na madrasa waseme. Kisha hesabuni wangapi wamekuja. Gari za shamba zinapita, namba 310 ya Makunduchi inamshusha mtu mbele ya geti la Jozani, asiye na uwezo wa kukodi atapanda hiyo. Watu watakuja. Wateja wangu kumi na mbili wameshanambia kwamba na wao watakuja, nami nimeyaandika majina yao kwenye daftari la vipimo, ukurasa wa nyuma.

Sisi wenyewe, Mungu akitujaalia uzima, tutakwenda Jozani Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa mbili za asubuhi tuwe getini. Safari hii tutakuwa kumi na moja, kwa sababu dada yangu naye anakuja kutoka Wete. Mama yangu anataka kuwaona kima kwa karibu, yeye aliyewafukuza. Mdogo wetu atakuwa na miaka sita. Ameshachukua kifungo kimoja kikubwa cha koti kwenye bati langu, anakiweka mfukoni mwa nguo yake ya kutokea, na anasema ni cha kumjaribia kima. Nimemwambia kima hapewi kitu. Ameniuliza, basi atamuonesha nani?

Nawaomba awepo mtu getini wa kumjibu.

Wenu katika kuijenga nchi,
Mshoni wa Magomeni, Unguja